Kuulizwa na Kuuzwa: Mpiga Kura wa Visiwani na Chama Chake Serikalini

Katika semina yetu moja ya muhula uliopita, mwenzetu alisimama akadai kwamba mpiga kura wa huku kwetu ni mtu wa kusahau. Chama chake kikimuudhi, alisema, hununa miezi mitatu, kisha uchaguzi ukikaribia huvaa fulana ileile na kucheza ngoma ileile. Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu nilimkumbuka mzee mmoja wa Kipemba mwenye duka kule kwetu Magoma, ambaye kwa ninavyomfahamu hajasahau kitu tangu mwaka 1961. Makala haya ni jibu langu kwa mwenzetu yule. Nimechelewa kidogo, lakini bora kuchelewa kuliko kuendelea kucheka.

Kwa msomaji asiyepajua, Magoma ipo katika bonde la Lwengera, wilaya ya Korogwe, katikati ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Ukisimama barabarani unaona milima pande zote mbili, na chini yake mkonge. Mkonge ndio uliotuchanganya. Uliwaleta watu wa makabila mengi kutoka mbali, wakazaa, wakazika, wakabaki. Kwa hiyo kumkuta Mpemba anauza sukari na mafuta ya taa Magoma si ajabu hata kidogo; Pemba yenyewe iko ng'ambo tu ya Tanga, na watu wa pwani hii hawajawahi kuihesabu bahari kuwa mpaka.

Likizo iliyopita nilikaa sana kwenye benchi la duka lile. Nilikwenda kununua sabuni nikaishia kwenye siasa. Nilimwuliza mzee, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, wao Wapemba walijisikiaje chama chao kilipoingia serikalini na wale waliokuwa wakipingana nao. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la mtihani kabla ya mtihani. "Unaniuliza ipi, kijana wangu? Maana iko tulipoulizwa, na iko tusipoulizwa." Mpwa wake, kijana wa rika langu anayemsaidia dukani, akadakia kutoka ndani: "Sema tulipouzwa, mjomba!"

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kucheza na maneno, lakini hapa maneno yalikuwa yanatuchezea sisi. Kati ya kuulizwa na kuuzwa pana silabi moja tu. Nadhani historia nzima ya mpiga kura wa visiwani na serikali za ubia inakaa ndani ya silabi hiyo.

Lakini kabla ya kuvuka bahari, niseme jambo moja la milimani, kwa sababu ndilo lililonipotosha mwanzoni. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewasikiliza wazee wa Shambaai kwa miaka mingi, anaeleza kwamba Washambaa walikuwa na njia mbili za kuutazama utawala: kuna *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na kuna *kubana shi*, kuiharibu. Nchi huharibika nguvu inapopambana na nguvu: watemi wanashindana, mvua inakatika, watu wanakufa njaa. Na kweli, Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ugomvi wa Semboja na Shekulwavu uliitumbukiza nchi katika vita ambavyo msomaji wa *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi anavijua vizuri. Kwa mantiki hiyo nilitarajia kwamba vyama viwili vikiacha kugombana, mwananchi atashukuru. Nguvu imepatana na nguvu, mvua itanyesha, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba Mshambaa hakumpima mtawala kwa kupatana. Alimpima kwa mvua.

Tuanze basi na huo mwaka 1961. Desemba 1959 baadhi ya viongozi wa Kishirazi walitoka ASP wakaunda chama cha ZPPP, na nguvu yake ikawa hasa Pemba. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22. ASP ikapata 10, ZNP 9, na ZPPP 3. Hebu fikiria mizani hiyo! Kiti kimoja, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Watu waliopanga foleni jua kali wakahesabiwa mmoja mmoja hadi wa mwisho, kisha wajumbe watatu wakabaki kuamua nani atawale. Na hao watatu hawakukubaliana hata wao kwa wao: wawili, Mohammed Shamte akiwa mmojawao, wakaenda na ZNP, wa tatu, Ali Sharif, akaenda na ASP. Viti vikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa.

Mzee wa Magoma alikuwa mtoto. Anasema baba yake alirudi nyumbani siku ile akasema kura yake imegawanyika njiani. Sijapata kusoma uchambuzi wa kisiasa uliosema vizuri kuliko hapo. Alikuwa ametia karatasi moja sandukuni, na sasa karatasi hiyo inatembea na mahasimu wawili.

Hapa lakini ushahidi unanigeukia, na sitaki kumficha msomaji. Kama wapiga kura wa ZPPP waliudhika, mbona hawakukiadhibu chama? Juni 1961 uchaguzi ulirudiwa kwa viti 23, ZPPP ikapata vilevile vitatu, na ikaunda serikali na ZNP, Shamte akiwa kiongozi wake. Julai 1963, kati ya viti 31, ilipata 6. Mwenzetu wa semina angesema: unaona? Wamesahau. Mimi nasema hapana. Januari watu wale hawakuulizwa ZPPP iende na nani. Juni waliulizwa, maana vyama viwili viliingia kwenye uchaguzi ule vikiwa vimeshikana mikono hadharani. Aliyetaka alichagua akijua. Huko si kusahau. Ni kuridhika kwamba safari hii mwenye kura ameshirikishwa.

Walioachwa bila jibu walikuwa wengine. Ghasia za Juni 1961 ziliua watu 68. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54, lakini viti 13 tu, ikabaki nje. Ndani ya ZNP yenyewe, Abdulrahman Babu na vijana wake walikwisha kukata tamaa, wakatoka mwaka huohuo na kuanzisha chama cha Umma. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya ubia ikapinduliwa. Yaliyofuata yanajulikana, sitayarudia.

Mzee huruka miaka mingi hapa, nami naruka naye, mpaka tarehe 27 Januari 2001, waandamanaji wa CUF walipopigwa risasi Pemba na watu zaidi ya elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huohuo viongozi wakatia saini Muafaka wa pili. Miezi tisa tu, bwana. Kaburi halijaota nyasi vizuri, wakubwa wanapeana mikono mbele ya kamera. Mpwa anapofika hapa husema neno lake lile.

Lakini mwaka 2010 ulikuwa tofauti, na hata mpwa hukubali. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu. Badala ya kuishia kwenye saini, jambo lilipelekwa kwa watu: tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Oktoba, Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim, na Maalim akayapokea matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Neno likabadilika pia. Zamani lilikuwa *muafaka*, neno la mezani, la wanasheria. Sasa likawa *maridhiano*, neno la majumbani, la mume na mke na majirani. Mzee anasema alifunga duka siku tatu akavuka kwenda kusalimia watu ambao hakuwa amesalimiana nao tangu 1995.

Sasa, kama waliulizwa na wakakubali, kwa nini walikuja kukata tamaa? Hapa ndipo penye kiini. Waliulizwa kuhusu ndoa. Hawakuulizwa tena kuhusu nyumba. Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama, haujapita mwaka tangu MV Spice Islander izame ikielekea Pemba na mamia ya watu. Zamani CUF ndiyo ingekuwa ya kwanza kupiga kelele. Safari hii waziri aliyebeba dhamana ya usafiri wa bahari, Hamad Masoud Hamad, alikuwa wa CUF, na yeye ndiye aliyejiuzulu. Alifanya jambo la heshima, lakini mlalamikaji wa jana alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlalamikiwa. Oktoba 2012 masheikh wa Uamsho wakakamatwa, na mwenye chama akatazama upande wa serikali akawaona watu wake wamo. Wamo, lakini polisi haiko mikononi mwao. Mvua wameitiwa, wingu si lao.

Kisha Oktoba 2015. Tarehe 28, Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akautangaza uchaguzi kuwa umefutwa. Siku hiyo Maalim Seif alikuwa bado Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali hiyohiyo. Nilimwuliza mzee kama siku hiyo alimkasirikia Jecha. "Yule simjui," akasema. "Nilijiuliza wetu walikuwa wakifanya nini humo ndani miaka mitano."

Nchi nyingine mpiga kura wa namna hii ana fimbo. Uingereza mwaka 2010 chama cha Liberal Democrats, ambacho wagombea wake walikuwa wameahidi wanafunzi kupinga nyongeza ya ada, kiliingia serikalini na Conservative na ada ikapanda. Mwaka 2015 wabunge wake 57 wakabaki 8. (Wenzangu wa bodi ya mikopo, mmesikia?) Mpemba alikuwa hana pa kwenda. Mwaka 2010 majimbo yote 18 ya Pemba yalikuwa ya CUF. Kuiadhibu CUF kulikuwa kumpa zawadi mpinzani wake. Kwa hiyo hasira yake haikuonekana katika takwimu, ndiyo maana wataalamu wanaosoma takwimu peke yake huiita usahaulifu. Machi 2019 Maalim alipohamia ACT-Wazalendo kwa kaulimbiu ya kushusha tanga na kupandisha tanga, matawi yalibadilishwa rangi upesi sana. Hapo nilielewa kwamba miaka yote hiyo watu walikuwa wamekiamini kitu kingine, na chama kilikuwa jahazi tu.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, Maalim alitangazwa kuwa na asilimia 19.87, matokeo ambayo chama chake kiliyakataa. Tarehe 8 Desemba akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza. Kura ya maoni haikuwapo mara hii. Uamuzi ulitoka katika vikao vya chama. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki, na Othman Masoud Othman akashika nafasi yake mwezi Machi. Aliyetaka kumwuliza Maalim kwa nini, hakupata wasaa.

Juu ya hili mzee na mpwa wake hawapatani, na niliwahi kuwashuhudia wakinuniana tangu adhuhuri hadi isha. Kijana anasema wameuzwa, hakuna haja ya kupamba. Mzee anasema Maalim hakuwa mtu wa kuuza, alikuwa mgonjwa na alitaka watoto wasipigwe tena. "Lakini angetuuliza," anaongeza, kwa sauti ya chini.

Siku ya kurudi chuoni nilipita kuaga. Mpwa aliona daftari mkononi mwangu akataka kujua nimeandika neno lipi. Nikamwambia nimeandika yote mawili.

"Basi futa moja," akasema.

Mzee alikuwa anapima sukari ya mteja, hakuinua macho. "Usifute," akasema.