Herufi Tatu: Nani Humchagulia Mtoto wa Nyahanga Tahasusi?

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nilikuwa nyumbani kwa dada yangu, kata ya Nyahanga, katika Manispaa ya Kahama. Jioni moja mpwa wangu alinijia na simu mkononi, rafiki yake wa jirani akiwa nyuma yake. Walipokuwa shuleni walikwisha kujaza machaguo yao ya kidato cha tano, na sasa dirisha la kubadilisha lilikuwa limefunguliwa. Mpwa wangu alikuwa amechagua CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Akaniuliza: “Mjomba, shuleni tuliambiwa CBG ni PCB iliyopunguzwa ugumu. Mimi nataka udaktari wa binadamu. Nitafika?”

Nilimjibu kwamba hatafika kwa njia hiyo. Anayeomba kusomea udaktari wa binadamu kwa cheti cha kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. CBG ni tahasusi yenye heshima yake, na humfikisha mtu kwenye kilimo, mazingira na fani nyingine nyingi, lakini Fizikia haimo. Binti alikuwa na alama C ya Fizikia, hivyo alistahili kuomba PCB. Kilichomkosesha ni kwamba hakuna aliyemweleza.

Nililala na swali moja. Jambo zito kiasi hiki limekuwaje likategemea bahati ya mjomba kuja kutembea? Katika makala haya natafuta jibu kwenye historia, kwa maana naamini kosa hili halikuanzia kwa binti huyu wala kwa mwalimu wake.

Enzi ya Mwingereza, mwanafunzi hakuwa na la kuchagua. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, ilikusudiwa kwanza kabisa kuwaandaa wana wa watemi kuusaidia utawala wa wakoloni. Waliohitaji elimu ya juu walikwenda Makerere, Uganda, nao walikuwa wachache mno. Julius Nyerere alipita njia hiyo: Tabora, kisha Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, kisha akarudi Tabora kufundisha Baiolojia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria. Kwa kipimo cha leo, mwalimu yule alikuwa na tahasusi isiyokuwamo katika orodha yoyote. Mwaka 1952 alihitimu shahada ya sanaa Edinburgh. Uskoti ilikuwa na desturi ya kumwacha mwanafunzi asome masomo mengi kwa mapana. Sisi lakini tulirithi desturi ya Uingereza yenyewe, ya kumbana kijana katika masomo matatu kabla hajatimiza miaka ishirini. Mitihani yetu ya kidato cha sita ilisahihishwa Cambridge, na hata baada ya Tanzania kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na kuunda Baraza lake kwa sheria ya mwaka 1973, umbo la masomo matatu lilibaki. Kenya iliachana na kidato cha tano na sita ilipoingia katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Sisi tuliendelea nacho.

Baada ya Uhuru, aliyechagua alikuwa mpango wa taifa. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kilianza na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Ulipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, vyuo vitatu viligawana kazi: Makerere ikashika udaktari, Nairobi uhandisi, Dar es Salaam sheria. Kijana wa Kahama aliyetaka kuwa mhandisi alielekea Nairobi, kwa maana Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Wakati huohuo wataalamu walihesabu nafasi za kazi nchini: wahandisi wangapi, madaktari wangapi, walimu wangapi. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, wa 1964 hadi 1969, uliweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980. Ada ya sekondari iliondolewa, na serikali iliyomlipia mwanafunzi chuoni ilimtaka aitumikie akimaliza. Masomo aliyosoma yalifuata hesabu hizo.

Siubezi mpango ule. Nchi ilikuwa na wahitimu wa kuhesabika, na haikuwa na anasa ya kumwachia kila mtu afuate moyo wake. Isitoshe, mpango ulikuwa na uaminifu fulani ndani yake. Serikali iliyomwambia kijana asome Fizikia ilimpa pia mwalimu wa Fizikia, maabara, kitanda cha bweni na ajira akimaliza. Alichonyimwa kwa mkono mmoja alipewa kwa mwingine.

Miaka ya 1970 ilileta sura nyingine. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iligeuzwa kuwa michepuo ya sekondari: kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Mkoa wetu ulipata Shycom, shule ya masomo ya biashara mjini Shinyanga, ambayo wazee wengi wa Kahama wanaikumbuka. Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Kuanzia hapo, kufaulu kidato cha sita hakukutosha kumfikisha mtu chuo kikuu. Ilimbidi kwanza alitumikie taifa, afanye kazi kwa miaka miwili, na apate mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya tawi la chama. Nia ilikuwa kuvunja kiburi cha wasomi, lakini idadi ya wasichana chuoni ilishuka upesi, na mwaka 1976 ikabidi wao walegezewe masharti. Hapa kuna funzo linalotuhusu hadi leo. Sharti moja lililowekwa kwa wote liliwaangukia kwa uzito zaidi wale ambao njia yao ilikuwa nyembamba tangu mwanzo.

Mpango wa taifa ulipodhoofika, nafasi yake ilishikwa na taasisi. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na vipaumbele vyake, aghalabu udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati, vikawa mwalimu wa tahasusi asiyeonekana. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilianza kupokea maombi yote kwa mfumo mmoja wa kompyuta. Mwaka 2017 maombi yakarudishwa vyuoni. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwa tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, zikiwamo za lugha, sanaa, michezo na dini. Kila badiliko lilikuwa na hoja yake. Lakini kila badiliko lilihitaji mtu wa kulieleza kijijini na mtaani, na mtu huyo hakuajiriwa.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya enzi ya mpango na enzi yetu. Zamani dola ilimchagulia mtoto, ikamwezesha. Leo inamwambia achague mwenyewe, huku masharti yote ya uchaguzi huo yakiwa mikononi mwa wengine: nani ana mwalimu, nani ana maabara, nani ana mjomba.

Tazama mahali uchaguzi unapofanyika hasa. Tunadhani ni kidato cha nne, fomu inapojazwa. Kwa wengi ni kidato cha tatu. Kwa miaka mingi utaratibu wetu umekuwa kwamba Fizikia na Kemia ni za lazima katika vidato viwili vya mwanzo tu. Baada ya hapo mwanafunzi anaweza kuziacha. Mtoto wa miaka 15 au 16 anaposema “naacha sayansi”, amekwisha kuufunga mlango wa uhandisi na wa udaktari. Na ukimuuliza sababu, mara nyingi hazungumzii mapenzi yake. Anazungumzia somo lililokaa muhula mzima bila mwalimu.

Serikali haikuwa kipofu. Sekondari za kata zilienea nchini kuanzia miaka ya 2000, na mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila moja ijengewe maabara tatu: ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Wananchi walichangishwa, majengo yakainuka. Kumpata mwalimu wa kusimama ndani ya jengo kulikuwa kugumu zaidi. Serikali ilijaribu njia ya mkato kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwezi Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo waliondolewa chuoni. Ukubwa wa programu ile, na jinsi ilivyokatishwa, vinaonyesha pengo lilivyokuwa.

Kwa mtu wa Kahama, jambo hili lina uchungu wa pekee. Ukanda wetu umechimbwa na makampuni makubwa kwa zaidi ya miongo miwili: Geita tangu 2000, Bulyanhulu tangu 2001, Buzwagi kuanzia 2009 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa Nyahanga mwaka ule Buzwagi ilipoanza kutoa dhahabu angeingia kidato cha kwanza ikiwa imekwisha kusimama. Mgodi mzima umefunguliwa na kufungwa kabla hajaingia sekondari. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinataka nafasi zaidi ziende kwa wazawa, nami naziunga mkono. Lakini kanuni haimgeuzi mhitimu wa HGL kuwa mhandisi wa madini. Anayetaka uhandisi huo anahitaji Fizikia na Hisabati, na safari ya kuzifikia huanzia kwa mwalimu wa kidato cha kwanza, miaka mingi kabla ya tangazo la ajira. Kijana akikosa msingi huo, nafasi yake huwa ulinzi, upishi au udereva. Ni kazi halali zote, ila si haki ziwe ndizo pekee anazoweza kuzitazamia mtoto wa mahali penye dhahabu.

Nisieleweke kwamba nawadharau waliosoma Historia na Lugha. Mimi mwenyewe ni zao la masomo hayo, na taifa lisilo na wanahistoria hurudia makosa yake bila kuyatambua. Ninachokataa ni Historia kuwa makimbilio ya aliyenyimwa Kemia. Somo linastahili kuchaguliwa kwa kupendwa.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wenzangu watumishi wa umma wanaosoma hapa. La kwanza, kila sekondari iwe na mwalimu mmoja mwenye jukumu rasmi, lenye saa katika ratiba, la kuwaeleza wanafunzi na wazazi tahasusi inafikisha wapi na inafunga nini. Kazi hiyo ifanyike kidato cha pili, kabla masomo hayajaachwa. La pili, orodha ya tahasusi 65 isomwe pamoja na orodha ya walimu waliopo. Tahasusi isiyo na mwalimu ni maandishi tu. Nanyi wanafunzi mlioko vyuoni, mnaporudi likizo, tembeleeni shule mlizosoma. Saa moja ya maelezo yenu yaweza kubadili maisha ya mtu.

Mpwa wangu alibadilisha chaguo lake usiku uleule, akaweka PCB. Alipomaliza, nilimgeukia rafiki yake, nikamuuliza yeye anataka kuwa nani. Akasema naye alitamani udaktari tangu darasa la tano. Nikamuuliza alama yake ya Fizikia. Akainama, akasema, “Mjomba, mimi Fizikia niliiacha kidato cha tatu. Shuleni kwetu hakukuwa na wa kutufundisha.” Dirisha la kubadilisha lilikuwa wazi kwake pia, lakini hakuwa na cha kubadilisha.