Kutoka Pitso hadi Bunge: Habari za Ufalme wa Lesotho

Wanafunzi wetu huuliza mara kwa mara: nchi yenye mfalme yahitaji bunge la nini? Kwa kuwajibu tumeichagua Lesotho, ufalme mdogo wa milimani uliozungukwa pande zote na Afrika ya Kusini.

Tangu zama za Moshoeshoe I, ambaye nchi yake iliingia chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1868, mambo mazito yalizungumzwa katika mkutano wa hadhara uitwao pitso. Neno hilo latokana na kitenzi cha Kisotho chenye maana ya kuita, kama vile wito wetu ulivyotokana na ita. Sisi walimu wa lugha hatuwezi kulipita bila kulitazama. Humo raia wa kawaida aliweza kumkosoa mkubwa wake mbele ya watu. Mwaka 1903 liliundwa baraza la wajumbe 100, karibu wote machifu, na sauti ya raia ikafifia.

Uhuru ulipatikana tarehe 4 Oktoba 1966. Katika uchaguzi wa Januari 1970 Waziri Mkuu Leabua Jonathan, alipoona ameshindwa, aliyafuta matokeo na kuisimamisha katiba. Vyama havikushindana tena kwa haki hadi mwaka 1993.

Kwa katiba ya mwaka huo, mfalme ni mkuu wa dola, lakini serikali huongozwa na waziri mkuu anayeungwa mkono na wabunge walio wengi. Seneti ina watu 33: machifu wakuu 22 na wateule 11. Yaweza kuuchelewesha mswada, kuuua haiwezi.

Lakini kasoro kubwa haikuwa kwa mfalme wala kwa machifu, bali katika hesabu ya kura. Mwaka 1993 chama kimoja kilitwaa viti vyote 65. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata asilimia 60 hivi ya kura, na viti 79 kati ya 80! Chama cha BNP, chenye karibu robo ya kura, kiliambulia kiti kimoja. Wapinzani walilalamikia wizi. Kwa maoni yetu, hata pasipo wizi hesabu hiyo ilitosha kuwatia watu uchungu. Mwezi Septemba majeshi ya Afrika ya Kusini na Botswana yaliingia nchini, mji wa Maseru ukateketezwa na kuporwa, na watu wakafa.

Ndipo, kwa uchaguzi wa 2002, vilipoongezwa viti 40 vya kufidia vyama vilivyopunjwa majimboni. BNP ikapata 21. Mpiga kura alipewa karatasi mbili, ya jimbo na ya chama. Werevu hawakukawia: mwaka 2007 vyama vikubwa viliomba kura ya jimbo kwa jina lao na ya chama kwa jina la rafiki, ili vifidiwe visivyostahili. Tangu 2012 karatasi ni moja.

Katika chaguzi za 2012, 2015, 2017 na 2022 hakuna chama kilichopata nusu ya viti peke yake. Kila serikali imeundwa kwa mapatano ya vyama, na mbili za kwanza hazikutimiza miaka mitatu.