Kutoka Alifu hadi Ufunguo: Mpangilio wa Maneno Pwani ya Tanga
Kabla ya shule ya serikali ya Kijerumani kufunguliwa Tanga katika miaka ya 1890, wanazuoni wa pwani walizipanga herufi kwa alifu, be, te. Gazeti la Kiongozi, lililochapishwa mjini humo, lilieneza hati ya Kirumi pamoja na mfuatano wake. Nafasi ya ng' ilibaki na utata. Kiwango cha lugha ya programu C cha 1989 kilijumuisha strxfrm, inayogeuza neno kuwa ufunguo wa kulinganishwa kwa kanuni za mahali. Kwa misimbo mitupu, ng'ombe hutangulia ngalawa. Ritifaa ikipuuzwa, hufuata ngoma. Hivyo, kompyuta haikuufuta uamuzi wa mwanakamusi, bali imeukabidhi kwa mtunga kanuni.