Karatasi inaogopa maji: historia ya ganda linalolinda rulo za karatasi

RUNINGU, teritware ya Uvira. Katika vijiji vya uwanda wa Ruzizi, mfuko wa simenti ukiisha kazi yake hautupwi ovyo. Karatasi yake ya kaki inakung'utwa vumbi, inakatwa, kisha inafunika kaye za watoto wa shule. Familia zilizohama nazo zinajua thamani ya karatasi kwa njia nyingine. Kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na diploma ya kijana, vyote vinafungwa ndani ya sashe na kufichwa kwenye nguo. Usiku mvua inapopiga shitingi, mama anaanza na watoto, halafu anatafuta ile sashe.

Ni watu wachache wanaojiuliza karatasi hiyo ilisafiri namna gani. Karatasi ni mzigo mgumu kusafirisha. Inaogopa maji, inaogopa kuangushwa, inaogopa hata unyevu wa hewa. Ili kaye moja ifike sokoni, kulikuwa kwanza na rulo kubwa ya kiwandani, nzito kuliko ng'ombe, iliyovikwa ganda maalum la kuilinda. Historia ya ganda hilo inagusa ziwa Tanganyika, na ina somo kwa kila mwenye karatasi ya kutunza.

Wakati karatasi ilikuwa mzigo wa kichwani

Kabla ya rulo, karatasi ilitengenezwa kwa mkono, jani moja moja. Majani hayo yalipangwa na kufungwa pamoja. Neno rimu, linalotumika hadi leo kwa pakiti ya majani 500, asili yake ni neno la Kiarabu rizma, maana yake furushi. Kwa hiyo jina lenyewe la kipimo cha karatasi linatokana na namna ilivyofungwa, na halisemi lolote juu ya uzito wala ukubwa wake.

Huku kwetu, katika karne ya 19, mizigo yote ya pwani ilifika ziwani kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Msafara ulitoka Bagamoyo, ukapita Tabora, ukafika Ujiji, na kutoka hapo mitumbwi ilipanda kaskazini hadi Uvira. Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi mwezi wa 4 mwaka wa 1858. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Nguo zilikunjwa, zikabanwa, zikafungwa kwa mikeka na kamba mpaka zikawa ngumu kama gogo. Huo ndio uliitwa mtumba, na jina hilo limebaki sokoni, kwenye mitumba ya leo.

Karatasi ilikuwa adimu katika misafara hiyo. Mwaka wa 1871, Livingstone akiwa Nyangwe, Maniema, aliishiwa na karatasi na wino. Aliandika juu ya gazeti kuukuu, akipitisha mistari yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino wa majimaji ya mimea. Maandishi hayo yalififia hata macho hayakuweza tena kuyasoma. Ilipofika mwaka wa 2011 ndipo wataalamu walipoyatangaza upya, baada ya kuyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali. Karatasi ilidumu miaka 140, lakini kilichoandikwa kilikuwa karibu kupotea.

Meli iliyosafiri ndani ya makasha

Ziwa Tanganyika lina mfano mmoja mkubwa wa kufunga mizigo, na wazee wengi wa pwani hii wameuona kwa macho. Ni meli Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg kwa jina la Graf von Götzen, kisha wakaifungua kipande kwa kipande na kuitia ndani ya makasha 5,000. Makasha hayo yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka wa 1914. Meli iliunganishwa upya na kushushwa majini mwezi wa 2 mwaka wa 1915.

Mwaka uliofuata vita viliwageukia. Wakati wa kukimbia, mwezi wa 7 mwaka wa 1916, mafundi waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Lakini kabla ya kuizamisha, walipaka mitambo grisi nene. Grisi ile ilikuwa ganda la kuilinda. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza tena kubeba abiria na mizigo kwa jina la Liemba. Miaka chini ya maji, na mitambo ilikubali kufanya kazi tena. Kilichoiokoa ni kazi iliyofanywa kabla maji hayajaingia.

Rulo inazaliwa

Mwaka wa 1799, Mfaransa Nicolas-Louis Robert alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kutengeneza karatasi bila kukatika, mkanda mmoja mrefu. Ndugu wawili wa ukoo wa Fourdrinier waligharamia maendeleo yake Uingereza, na mashine za aina hiyo zimebeba jina lao mpaka sasa. Katika miaka ya 1860, Mmarekani William Bullock alitengeneza mtambo wa kuchapa magazeti unaolishwa kwa rulo. Tangu hapo, kazi ya kusafirisha karatasi ilibadilika. Hakukuwa tena na pakiti ya kubebwa na mtu mmoja.

Tufanye hesabu. Karatasi ya gazeti ina uzito wa karibu gramu 45 kwa mita moja ya mraba. Rulo yenye upana wa mita 1 na uzito wa kilo 720 ina urefu wa kilomita 16 ikikunjuliwa yote. Mtu wa miguu atatembea zaidi ya saa tatu kuufikia mwisho wake. Tena karatasi hiyo ni nyembamba sana: ndani ya sentimita moja ya unene wa rulo kuna mizunguko zaidi ya 100. Kwa hiyo jiwe, msumari au ukingo wa chuma ukiingia sentimita moja tu kwenye rulo, kiwanda cha uchapaji kinalazimika kukata na kutupa karibu nusu kilomita ya karatasi.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Rulo ikiangushwa inapoteza duara lake, inakuwa kama yai. Ikiwekwa kwenye mtambo inazunguka kwa kurukaruka, karatasi inavutwa na kulegea, mwisho inakatika. Bomba la kartoni lililo katikati likibonyea, rulo nzima haiingii kwenye mhimili. Na ukingo ukilowa, mizunguko inashikamana kama imegundishwa, kisha kila mzunguko unapasuka pale pale.

Ganda lenye tabaka nyingi

Dawa ya hasara hizo ilipatikana ndani ya karatasi yenyewe. Mwaka wa 1879, Mjerumani Carl Dahl alivumbua njia ya kupika mbao kwa dawa inayoacha nyuzi ndefu na imara. Karatasi yake iliitwa kraft, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Ndiyo karatasi ya kaki tunayoijua kwenye mifuko ya simenti. Baadaye, mwaka wa 1933, kwenye maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza, iligunduliwa plastiki ya polietilini, ile ile ya sashe zetu. Vitu hivyo viwili vilipounganishwa, karatasi ya kaki ilitoa ugumu na plastiki ikazuia maji.

Rulo inafungwa kwa utaratibu. Kwanza kifuniko cha duara kinawekwa kila upande, kulinda kingo. Pili, karatasi ya kaki yenye utando wa plastiki inazungushwa mwili mzima mara kadhaa, na ncha zake zinakunjwa juu ya vile vifuniko. Tatu, kifuniko cha pili kinagundishwa kwa nje, ili mikunjo isifunguke. Nne, kizibo kinatiwa kwenye bomba la katikati, lisibonyee. Mwisho, karatasi ya maelezo inabandikwa: uzito, upana, na mshale unaoonyesha rulo inafunguka upande gani.

Ganda hilo halitoshi bila mikono ya uangalifu. Depo nzuri inasimamisha rulo wima ili uzito wake usiiharibu duara. Haziwekwi moja kwa moja kwenye sakafu yenye unyevu, kwa sababu karatasi inanyonya maji kwa chini kama utambi wa taa. Kabla ya kupakia, kamioni au behewa linafagiliwa, misumari inang'olewa, na mashimo ya paa yanatafutwa.

Viwanda vya Afrika Mashariki

Karatasi haikubaki kuwa mali ya Ulaya peke yake. Kenya ilijenga kiwanda cha Pan African Paper Mills huko Webuye, kilichoanza kazi mwaka wa 1974. Tanzania ilijenga cha kwake Mgololo, wilaya ya Mufindi, karibu na misitu ya misonobari, kikafunguliwa katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa mikopo ya nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia. Viwanda vyote viwili vilipata taabu. Cha Mgololo kilisimama katika miaka ya 1990, kikauzwa mwaka wa 2004 na kurudi kazini kwa jina la Mufindi Paper Mills. Cha Webuye kilifungwa mwaka wa 2009, na mji mzima ukaonja njaa ya mshahara, mpaka kiliponunuliwa mwaka wa 2016.

Mgololo ya leo inajulikana hasa kwa karatasi ngumu ya kaki, ile ya kutengenezea mifuko. Kitu kilichovumbuliwa kulinda mizigo kimekuwa chenyewe mzigo, nacho kinahitaji kulindwa njiani, kwa kamioni na kwa treni.

Na njia ya upande huu haijabadilika sana tangu enzi za misafara. Bidhaa nyingi za ng'ambo zinashuka Dar es Salaam, zinafuata reli ya kati au barabara hadi Kigoma, zinavuka ziwa hadi bandari ya Kalundu, kisha kamioni zinapanda uwandani. Kila mahali zinaposhushwa na kupakiwa upya ni nafasi ya kuangushwa au kulowa. Mfanyabiashara anayepokea kartoni za kaye zilizovimba maji anajua: hasara inaongezwa kwenye bei, na mzazi ndiye anayeilipa mwezi wa 9 shule zinapofunguliwa.

Maji yanarudi

Ziwa lenyewe lina historia ya kupanda na kushuka. Katika miaka ya 1870 lilipanda mpaka likafungua mlango wake wa Lukuga, kisha likashuka kwa mita nyingi. Lilipanda tena katika miaka ya 1960, na miaka hii ya karibuni limeingia katika nyumba na depo za Uvira. Mwezi wa 4 mwaka wa 2020, mvua na mito, Mulongwe kati yao, vilibomoa maelfu ya nyumba mjini. Pamoja na roho za watu na mali, zilikwenda pia karatasi: vyeti, hati za viwanja, barua, picha za marehemu.

Vita vya uwandani vimefanya vivyo hivyo bila mvua. Anayekimbia usiku anabeba alicho nacho karibu. Na karatasi si jambo dogo. Kwa miaka mingi nchini Kongo, kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia. Bila karatasi, mtoto anachelewa kuandikishwa shuleni, mjane anashindwa kuonyesha kwamba shamba ni la mume wake, na kijana aliyemaliza shule hana cha kuonyesha anapoomba kazi.

Hapo ndipo ujuzi wa wafungaji wa rulo unaweza kuisaidia familia iliyo chini ya shitingi. Kwanza, funga karatasi ikiwa kavu. Plastiki inayozuia maji kuingia inazuia pia unyevu kutoka, na karatasi iliyofungwa ikiwa mbichi itaota ukungu ndani ya sashe. Pili, tumia tabaka mbili: kartoni au karatasi ya kaki ya kulinda kingo, halafu sashe isiyo na tundu, mdomo wake ukikunjwa mara kadhaa na kuelekezwa chini. Tatu, usiiweke chini kwenye udongo. Itundike au iweke juu ya kitu. Nne, ikilowa, usiisugue wala usiianike kwenye jua kali. Tenganisha majani polepole, yakauke kivulini penye upepo, kabla siku mbili hazijapita. Na kwa mwenye simu au jirani mwenye simu, picha ya kila hati ni akiba.

Mafundi wa Liemba walipaka grisi siku walipokuwa bado na nafasi. Mfungaji wa rulo anakunja ganda kabla kamioni haijafika. Uwandani, mvua na milio ya risasi havitoi taarifa. Mwenye karatasi za familia azifunge leo, zikiwa kavu.