Chuo Kikuu na Watu wa Mwambao: Malengo ya Elimu ya Juu katika Historia ya Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni vyuo vikuu vingi duniani vimejitangazia malengo matatu yanayofanana: kutunza mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo, kushirikiana na jamii inayovizunguka, na kuwa na mtazamo unaovuka mipaka ya nchi. Malengo hayo huandikwa katika mipango ya miaka 5 au 10. Tangu 2019 yapo hata majedwali ya kimataifa yanayovipanga vyuo kwa kuvilinganisha na Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba mambo haya ni mapya, na kwamba vyuo vya Kongo ya Mashariki vinayapokea tu kutoka nje.

Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kutazama sehemu moja, yaani wilaya ya Fizi na mji wa Baraka katika mkoa wa Kivu ya Kusini. Hoja kuu ni kwamba malengo yote matatu yana historia ndefu, na kwamba sehemu ya historia hiyo ilipitia mwambao huu. Kilichokosekana ni njia ya kuyarudisha maarifa kwa watu walioyatoa, na njia hiyo haiwezi kutenganishwa na suala la lugha.

2.0 Mahali na lugha yake

Wilaya ya Fizi imekaa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Itombwe. Ina sekta 4: Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge. Baraka, iliyo pwani mkabala na rasi ya Ubwari, ilipewa hadhi ya mji kwa amri ya serikali ya 2013. Wabembe ndio wengi, na pamoja nao wanaishi Wabuyu, Wazoba, Wabwari, Wagoma, Wanyamulenge na wengine. Kila kundi lina lugha yake nyumbani, lakini sokoni, kanisani, msikitini, zahanati na katika mitumbwi lugha ni Kiswahili. Lugha hiyo ilivuka ziwa na misafara ya karne ya 19 iliyotokea Ujiji, na imebaki. Katiba ya 2006 inaitambua kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, ilhali lugha rasmi ni Kifaransa. Mwanafunzi wa Fizi huanza kupimwa kwa lugha ambayo mama yake hauzii samaki. Jambo hili dogo ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata.

3.0 Maarifa yaliyoondoka, 1946–1960

Utafiti wa kisayansi ulifika ziwani kabla ya chuo kikuu. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa Wabelgiji ulichunguza maji na viumbe vya Ziwa Tanganyika, na matokeo yake yalichapishwa Brussels. Mwaka 1947 ilianzishwa IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, yenye makao Lwiro karibu na Bukavu na kituo cha elimu ya viumbe wa majini Uvira. Kituo hicho baadaye kilijulikana kama CRH-Uvira. Mtafiti mwingine wa IRSAC, Daniel Biebuyck, alifanya kazi kati ya Wabembe na Walega tangu mwisho wa miaka ya 1940. Maandishi yake kuhusu vyama, sanaa na ukoo yakawa msingi wa masomo ya utamaduni wa eneo hili katika vyuo vya Ulaya na Marekani.

Thamani ya kazi hizo haipingiki. Hata hivyo, zilielekea upande mmoja. Wavuvi walionyesha mahali samaki wanapozaliana, wazee wakaeleza nasaba, wakalimani wakatafsiri, kisha kitabu kikatoka kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao angeisoma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika sayansi ya wakati huo mgeni alikuja mara nyingi, na mwenyeji akabaki kama alivyokuwa.

4.0 Chuo kikuu cha maendeleo, 1954–1981

Vyuo vikuu vya Kongo vilizaliwa vikiwa na wazazi wa nje. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 chini ya ulezi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain. Chuo kikuu cha serikali kilifuata Élisabethville mwaka 1956, na kile cha Waprotestanti Stanleyville mwaka 1963. Mtazamo wa kimataifa haukuwa shabaha ya kutafutwa, kwani ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Swali lilikuwa kinyume chake: chuo kitakuwaje cha Kiafrika?

Swali hilo lilijadiliwa katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Tananarive mwaka 1962, na tena Accra mwaka 1972 katika warsha ya Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Afrika. Huko Accra ndiko dhana ya chuo kikuu cha maendeleo ilipopata uzito: chuo kilitakiwa kihesabu kazi yake kwa mashamba, afya na shule za watu wa kawaida. Tanzania ilichukua njia yake. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Zaire ilichagua njia ya amri. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini, na mwaka uo huo vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa, UNAZA. Mfumo huo ulivunjwa mwaka 1981. Kanuni iliyobaki ni ile ya kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii.

Fani za lugha zilikusanywa Lubumbashi. Wanaisimu waliokutana huko mwaka 1974 walipendekeza lugha za taifa zipewe nafasi katika elimu. Pendekezo hilo halikukosa ushahidi wa kisayansi, lakini halikupata nguvu ya utekelezaji. Kijana wa Fizi aliyetaka shahada aliendelea kusafiri hadi Bukavu, Lubumbashi, Kisangani au Kinshasa, na mara nyingi hakurudi.

5.0 Gombe, 1975: funzo lisilotarajiwa

Wakati huo milima ya Fizi ilikuwa ngome ya chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichoanzishwa mwaka 1967 baada ya kushindwa kwa uasi wa 1964 na 1965. Usiku wa 19 Mei 1975 wapiganaji wake walivuka ziwa, wakavamia kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe, karibu na Kigoma, wakawateka vijana wanne: wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford na msaidizi mmoja wa utafiti kutoka Uholanzi. Wote waliachiliwa baada ya majadiliano yaliyoendelea hadi Julai.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya siasa. Kwa historia ya elimu ya juu kina maana nyingine. Baada ya utekaji, watafiti wa kigeni waliondoka Gombe, na kazi ya kufuatilia sokwe kila siku ikabaki mikononi mwa wasaidizi wa Kitanzania, miongoni mwao Hilali Matama. Wao waliandika waliyoyaona kwa Kiswahili, na kumbukumbu hizo zikawa sehemu ya hazina ya mojawapo ya tafiti ndefu kuliko zote duniani kuhusu wanyama wa porini. Hivyo, mkabala na Fizi kabisa, ilithibitika kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi tangu hatua ya kukusanya ushahidi, na kwamba mwenyeji akipewa kalamu hubaki wakati mgeni anapoondoka.

6.0 Matamko na vita, 1990–2005

Mwaka 1990 yalitolewa matamko mawili. Oktoba, huko Talloires nchini Ufaransa, wakuu wa vyuo vikuu walikubaliana juu ya mpango wa nukta 10 kuhusu chuo na mazingira. Ndani yake mlikuwamo pia kuwashirikisha wadau wote na kupanua huduma kitaifa na kimataifa. Malengo matatu ya leo yalikuwa yamekwisha kukutana katika karatasi moja. Novemba, Azimio la Kampala liliweka sharti ambalo Talloires haikulisisitiza: kwamba msomi wa Kiafrika ana uhuru wa kufikiri, na pia ana wajibu kwa watu wake.

Katika kipindi hicho elimu ya juu ilisogea karibu. Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu kilianzishwa mwaka 1989. Mwaka 1993 kilifuata kituo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, na baadaye taasisi za elimu ya juu zikafunguliwa hata Uvira, Baraka na Fizi. Lakini vita vya 1996 na 1998 viliwavusha ziwa maelfu ya wakazi. Kambini Nyarugusu, upande wa Kigoma, watoto wa Kikongo waliendelea kusoma mtaala wa kwao kwa Kifaransa, wakiwa katikati ya nchi ya Kiswahili. Oktoba 2005 meli za kuwarejesha wakimbizi zilianza kutia nanga Baraka. Walioshuka walikuwa wamepata uzoefu wa kimataifa ambao hakuna mkataba wa vyuo uliokuwa umeupanga, na ambao vyuo havikuwa na safu ya kuuandika.

7.0 Malengo ya leo na lugha yake

Mageuzi ya mfumo wa shahada, yaliyopanuliwa nchini kote kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022, yameifanya licence kuwa shahada ya kwanza ya miaka 3, badala ya ile ya zamani iliyofuata miaka 3 ya graduat na kuchukua miaka 2 zaidi. Nia yake ni ulinganifu na vyuo vya nje. Mwaka 2022 nchi iliingia pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kiswahili ni lugha yake rasmi mojawapo. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza lugha ya soko la Baraka na lugha ya ushirikiano wa kimataifa zimekuwa kitu kimoja.

Ziwa lenyewe linaonyesha kwa nini jambo hili ni zito. Tafiti mbili zilizochapishwa 2003 zilionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto huchanganyika kidogo na yale ya chini. Virutubisho hubaki kilindini, na chakula cha dagaa, ambao huitwa ndagala upande wa kaskazini, hupungua. Mwaka uo huo Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei. Hatua ya namna hiyo inagusa chungu cha kila siku. Mvuvi anayeambiwa aache nyavu bila kuelezwa habari ya joto na virutubisho, kwa lugha anayoifahamu, ataiona sayansi kuwa mkono mwingine wa askari wa doria.

Aidha, usalama ni sharti lisiloandikwa. Februari 2025 Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia Uvira. Ilidhihirika kwamba elimu inayotegemea mji mmoja wa mbali haiwezi kuitwa endelevu.

8.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba malengo yamebadilishwa majina mara nyingi: huduma, maendeleo, uwajibikaji, uendelevu. Kipimo chake, hata hivyo, kimebaki kuwekwa mbali na Fizi. Vyuo vya eneo hili vinaweza kujiwekea vipimo vilivyo ndani ya uwezo wao: kila tasnifu inayohusu ziwa, mashamba au ukoo iambatane na muhtasari wa Kiswahili, muhtasari huo usomwe hadharani mahali utafiti ulipofanyika, na kumbukumbu za wavuvi na wazee zihifadhiwe Baraka kabla ya kupelekwa kwingine. Hayo hayahitaji jedwali la kimataifa. Yanahitaji karatasi, muda wa mwalimu, na kukubali kwamba aliyetoa maarifa ana haki ya kuyasikia yakirudi.