Ukumbi wa Karimjee

Anayetafuta mahali pa mkutano au karamu katikati ya Dar es Salaam hakosi ukumbi. Vipo vipya, vyenye mapambo na viyoyozi. Lakini Karimjee, jirani na bustani ya mimea, una sifa isiyonunuliwa dukani. Ulitolewa zawadi na ukoo wa Karimjee Jivanjee. Humo Bunge letu lilikaa kabla ya kuhamia Dodoma, Chifu Adam Sapi Mkwawa akiwa Spika tangu 1962. Na humo, tarehe 27 Aprili 1964, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walibadilishana Hati za Muungano.

Siku hizi unakodishwa. Baadhi ya wazee wenzangu husema huko ni kuushushia hadhi. Mimi sioni hivyo. Nyumba iliyofungwa ili iheshimiwe huishia kuwa ghala la vumbi. Ninachohofia ni wageni kutoka humo wakijua idadi ya viti tu. Wanachuo wangu wa ualimu nilikuwa nikiwaambia kwamba jengo halijisimulii. Basi mshereheshaji na atenge dakika tano kabla ya chakula, awaeleze watu wamekaa wapi. Pilau haitapoa.