Ukinzani wa hewa katika ndege za kujiundia

Ukinzani wa hewa ni nguvu inayoirudisha ndege nyuma inapokata anga. Kwa fundi anayejiundia ndege nyumbani suala hili ni zito, maana injini yake kwa kawaida ni ndogo.

Ukinzani una asili mbili. Wa kwanza huzaliwa na kazi ya bawa ya kuinua ndege; huwa mkubwa ndege ikienda polepole, na bawa refu jembamba huupunguza. Wa pili hutokana na umbo la ndege na msuguano wa hewa juu ya ngozi yake. Huu hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda mara nane. Kununua injini kubwa, basi, ni njia ghali ya kutafuta mwendo.

Wakosaji mara nyingi ni vitu vidogo. Waya wa mviringo ulioachwa wazi hukinza hewa takribani mara kumi ya nguzo ya unene uleule iliyochongwa kama tone la maji. Magurudumu yasiyovikwa, pembe kali bawa linapoungana na kiwiliwili, nyufa za milango, hewa ya kupoza injini inayotoka ovyo: vyote hula nguvu. Ili kuona hewa inapovurugika, mafundi hubandika vipande vya uzi kwenye ngozi ya ndege na kuvipiga picha angani; uzi unaotapatapa humwonyesha fundi pa kurekebisha.

Kielelezo bora ni AR-5, ndege ya kiti kimoja aliyoiunda Mike Arnold huko California. Ilikuwa na injini ya Rotax ya nguvu farasi 65 tu, na magurudumu yake hayakukunjwa, yalivikwa. Mwaka 1992 iliweka rekodi ya dunia ya ndege zisizozidi kilo 300, kwa kasi ya takribani kilomita 343 kwa saa. Ukinzani wake wote ulilingana na wa bamba la mita ya mraba 0.08, kubwa kidogo kuliko karatasi ya A4.

Ulaini wa ngozi ya ndege, unaopunguza msuguano, nao una masharti. Bawa dogo la mbele la Long-EZ za awali, ndege iliyobuniwa na Burt Rutan, lilipoteza sehemu ya uwezo wa kuinua likilowa mvua, na pua ikaelekea chini. Dawa ilikuwa bawa jipya lililobuniwa na John Roncz.